Mke akiomba kuachika, anarudisha na mbuzi?

Mabalako – Mama mmoja aliyekimbia vita na watoto watatu, leo akilala kwa shangazi yake Butembo, anataka kutoka katika ndoa. Bwana hakumpiga wala hakumfukuza. Moyo wake tu umekataa, na amesema hivyo mbele ya imamu. Jibu la bwana lilikuwa fupi: arudishe yote, mbuzi 6 na dola 50, ama abaki hivyo hivyo.

Mbuzi wenyewe hawako tena. Waliachwa kijijini, na kila mkaaji wa huku anajua mifugo ya watu waliokimbia ilikwenda wapi.

Dini imempa mama huyu mlango. Unaitwa khului: mke anajikomboa kwa kumrudishia mume alichompa, mume anakubali, na ndoa inaisha. Msingi wake ni Sura ya Al-Baqara, aya ya 229, pamoja na hadithi ya mke wa Thabit bin Qays kule Madina. Yeye pia hakulaumu tabia ya mumewe wala dini yake. Mtume alimuuliza kama atarudisha bustani aliyopewa kuwa mahari. Akakubali, na Thabit akaambiwa aipokee na amwache. Ilirudi bustani, basi. Hakuna aliyeulizwa kuhusu mali ya wajomba.

Hapo ndipo hesabu inapochanganyika. Kwa Wanande, mbuzi wa ndoa wanakwenda kwa baba wa binti na ndugu zake. Katika Uislamu, mahari ni mali ya mke mwenyewe. Mama huyu alipata nini mkononi? Ziliandikwa dola 50, akapokea 20. Zile 30 ni deni la bwana mpaka leo, na wanazuoni wanakubali mke asamehe deni kama hilo liwe fidia. Arudishe 20, asamehe 30: hata mtoto wa shule anaona imetimia. Mbuzi ni maneno ya wazee wa familia mbili, wayamalize kwenye barza.

Ni kweli madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana Afrika Mashariki, yanaruhusu wawili wapatane hata zaidi ya mahari. Lakini wapatane. Mume anayembana mke kwa mateso ili anyang'anye alichompa, Sura ya An-Nisaa, aya ya 19, imemkataza. Na chakula cha watoto kisiwekwe kwenye mizani hiyo. Baba anabaki baba.

Kenya au Zanzibar, mama angekwenda kwa kadhi anayetambuliwa na serikali. Kongo hakuna mahakama hiyo. Imamu anaweza kushauri na kusihi, lakini hana askari. Na kama ndoa iliandikwa pia kwa etasivili, karatasi ya msikiti haiifuti: chini ya Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, talaka inatolewa na tribinali.

Imamu amewaita tena, safari hii pamoja na baba wa mama. Wakipatana, yaandikwe, mashahidi wawili watie sahihi, na kila upande ubaki na karatasi yake. Baada ya khului bwana hawezi kumrudisha mke katika eda kwa neno lake peke yake. Itahitajika ndoa mpya, na mama mwenyewe akubali.