Gari Kwanza Lijue Kusimama

Kila anayeiona Datsun 240Z ninayoitengeneza huuliza inakwenda mwendo gani. Wanafunzi wangu huuliza hivyo, majirani huuliza hivyo, na hata mkuu mmoja wa idara, mtu mzima mwenye wajukuu, aliuliza hivyo huku macho yakimng'aa. Hadi ninapoandika makala haya hajatokea aliyeuliza inasimama vipi.

Swali lao lina asili yake. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1969, na katika eneo letu linakumbukwa kwa Safari Rally. Mwaka 1971 lilishinda mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iliikimbia nchi hiyo enzi za Idi Amin. Mwaka huo Mehta alilingana na Harry Källström wa Sweden kwa pointi za adhabu, na ilibidi kanuni itumike kumpata mshindi. Waliosimuliwa na baba zao wanakumbuka vumbi na mngurumo. Wachache hukumbuka kwamba mashindano yale yalikuwa ya kufika, na kwamba magari mengi hayakufika.

La kwangu nimelirithi kwa mjomba, marehemu sasa, na lilikaa juu ya matofali kwa miaka mingi. Injini yake ya lita 2.4, yenye silinda sita, iliamka baada ya siku chache za kubembelezwa. Vijana wa gereji wakaanza kuzungumzia kabureta kubwa zaidi. Fundi, mzee asiyependa maneno mengi, alikuwa amelala chini ya gari. Akasema kutoka hukohuko: "Mwalimu, kabureta zitasubiri. Gari kwanza lijue kusimama."

Mbele, 240Z ina mfumo wa MacPherson, yaani springi na shokapu zimeunganishwa katika nguzo moja, na chini yake upo mkono unaolishika gurudumu. Bushi za raba zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Tulibadilisha zote, tukaweka shokapu mpya na springi ngumu kidogo. Wengi siku hizi huweka bushi za plastiki ngumu kila mahali. Fundi alikataa kufanya hivyo pande zote mbili za ile rodi inayouzuia mkono wa chini kurudi nyuma wakati wa kufunga breki. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, rodi hiyo huhitaji kupinda kidogo. Ukiibana mbele na nyuma kwa kitu kisicholegea, chuma chenyewe huchoka na kukatika. Kwa hiyo upande mmoja tuliacha raba.

Breki ndizo zilizonifurahisha zaidi. Kalipa za asili zina pistoni mbili kila upande. Wapenzi wa magari haya waligundua zamani kwamba kalipa za Toyota Hilux ya 4x4 ya miaka ya mwanzo ya 1980, zenye pistoni nne, hukaa kwenye matundu yaleyale ya bolti. Unachokata ni bati la kuzuia vumbi tu. Gari la michezo likaazima nguvu ya kusimama kutoka gari la bwana shamba. Lakini pistoni nyingi huhitaji mafuta mengi ya breki. Ukibaki na masta silinda ya zamani, yenye kipenyo cha inchi 7/8, kanyagio huzama mbali kabla gari halijashikwa. Tukaweka ya inchi 15/16, tukatoa upepo, na kanyagio likawa gumu na lenye heshima.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mjadala wetu wa kila mwaka. Ibara ya 143 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaja ofisa mmoja mwenye kazi mbili: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti za Mkaguzi tunazijua; zikitoka tunabishana wiki mbili, kisha tunanyamaza. Mdhibiti, anayepaswa kuhakikisha kwamba fedha haitoki Mfuko Mkuu wa Hazina pasipo idhini, karibu hatumtaji. Mkaguzi huja fedha ikiwa imeshatumika, kama mpimaji wa alama za matairi baada ya ajali. Mdhibiti ndiye breki. Na wanaodai vyombo vya usimamizi viongezewe meno, dai ambalo naliunga mkono, waulize pia habari za masta silinda: watumishi wangapi, bajeti ipi, na inatoka mkononi mwa nani? Najua mlinganisho huu una mipaka. Raia si abiria, wala nchi haiwekwi juu ya matofali.

Lipo jambo dogo linaloniudhi zaidi ya hayo makubwa. Kabla ya matengenezo, gari lilipelekwa kukaguliwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ofisa alitazama taa, honi, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Hakuinama. Gari likapita. Ndilo hilo ambalo Fundi alikuwa amekataa kuliendesha hata hadi duka la vipuri. Mabasi na malori yanayoteremka Kitonga kila usiku hubeba karatasi ya namna hiyohiyo, na mwisho wa mteremko karatasi haishiki diski.

Kazi haijaisha. Breki za nyuma ni za dramu bado, na kwa kuwa mbele pamepata nguvu, uwiano umebadilika: ukikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji, magurudumu ya mbele hujifunga mapema, na likijifunga gurudumu la mbele, usukani ni pambo tu. Fundi ameagiza silinda kubwa kidogo za nyuma. Zikifika tutajaribu tena, taratibu, kwenye barabara tupu ya mashamba, asubuhi kabla watoto hawajaanza kwenda shule.