Mgeni wa Kulipa

Nyumba iliyokosa kazi hufa kabla ya wakati wake. Paa huvuja pasipo mtu wa kuliziba, mchwa hupanda ukutani, na baada ya masika mawili matatu hubaki kichuguu ambacho watoto hawajui kilikuwa nini. Hiyo ndiyo hali ya mabani mengi ya tumbaku huku kwetu Ruvuma.

Msomaji ambaye hakukulia katika nchi ya tumbaku aelewe kwamba bani ni jengo refu la miti na udongo, lisilo na madirisha. Ndani yake majani hutundikwa juu, safu kwa safu, na moto mdogo wa kuni huwashwa sakafuni ili moshi uyakaushe. Tumbaku ya Songea na Namtumbo ni ya moshi, tofauti na ile ya mvuke ya Tabora. Moto huo hauachwi peke yake: ukizidi, majani huungua na bani pia, ukizimika, majani huoza. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo, yaani NGOMAT, kilichoanza miaka ya 1930, kilisimama juu ya moshi huo mpaka serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976. Karo yangu ya shule nayo ilitoka humo.

Bani la marehemu baba bado limesimama kijijini, wilayani Namtumbo, ingawa dada yangu anayeishi hapo aliacha tumbaku zamani, na sasa hulima mahindi na ufuta. Humo bani aliweka majembe na magunia matupu. Mwaka jana mwanangu alikuja kutoka Dar es Salaam na shauri lake. "Baba," akasema, "lile bani tulifanye nyumba ya wageni wa mapumziko. Ulaya watu hulipa fedha nyingi kulala katika majengo ya namna hiyo."

Sikumcheka, kwa maana asemalo ni kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa Ufaransa waliyahama mashamba kwenda kutafuta kazi mijini, na maghala na mazizi ya mawe yakabaki matupu. Wakati huohuo wafanyakazi wa mijini walikuwa na likizo ya malipo tangu sheria ya mwaka 1936, lakini wengi hawakumudu gharama za hoteli. Mwaka 1951 nyumba ya kwanza ya shamba ya kupangisha wa likizo ilifunguliwa katika milima ya Alps, kusini-mashariki mwa nchi hiyo, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la nyumba hizo, Gîtes de France. Familia hupanga nyumba kwa wiki nzima, hujipikia, na hununua mayai na jibini kwa majirani. Shabaha ya mwanzo ilikuwa kumpa mkulima kipato cha nyongeza ili asiliache shamba lake.

Hata hivyo, pwani yetu ya Afrika Mashariki inafundisha upande wa pili. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Huko, na hasa katika kijiji jirani cha Shela, nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na kukarabatiwa na watu wa Ulaya, na baadhi hupangishwa kwa watalii. Kuta zimepona, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa aliyeuza aweza kurudi katika nyumba ya babu yake kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi au mlinzi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema nyumba ipone.

Kwa hiyo nilipoonyeshwa mchoro wa mwanangu, wenye madirisha, choo cha ndani na tangi la maji, nilimwuliza shangazi yake yuko wapi katika mchoro ule. Akajibu kwamba atasafisha vyumba naye atalipwa. Dada yangu, aliyekuwa akipepeta mahindi karibu nasi, akauliza bila kuinua macho, "Mgeni akibisha hodi, nitaitika karibu, au nisubiri nitumwe?"

Swali hilo ndilo shina la jambo lote. Desturi yetu humpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu humpa jembe. Akilima nasi, amekuwa wetu. Mgeni wa kulipa ananunua haki ya kutopewa jembe. Si vibaya, lakini basi lazima ajulikane anamlipa nani.

Wageni watapatikana. Barabara ya Songea hadi Namtumbo ni ya lami. Kila mwezi wa Februari watu huja Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Tena wapo wajukuu zetu wenyewe, waliozaliwa mijini, ambao hawajawahi kulala mahali babu yao alipokesha akichunga moto.

Tulikaa kikao cha ukoo, tukakubaliana mambo matatu. Ardhi haitauzwa, bali itaombewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la dada yangu, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu. Mwanangu atarudishiwa gharama zake kidogo kidogo kutokana na kodi. Na ukuta mmoja utaachwa na masizi yake, usipakwe rangi.

Madirisha mawili yamekwisha kukatwa upande wa mashariki. Ufunguo anao dada yangu, na bei ya kulala ataipanga yeye. Ugali wa jioni ya kwanza, amekwisha kusema, hautakuwa na bei.