Monita ya gemu: kioo kimoja, watazamaji watano

Wiki mbili kimya, najua. Sijawasusa, ni majaribio pamoja na maandalio ya somo yaliyokuwa yananisubiri mezani. Leo nimepumua kidogo, ngoja niwape habari ya kitu kilichoninyima usingizi kuliko hata Saikolojia ya Elimu: monita.

Kwa wasiojua, ile kompyuta niliyokuwa najichanga kwa hela ya tuisheni ya likizo imekamilika. Boksi lipo, kadi ya picha ni GTX 1650 ya GB 4, toleo la mwaka 2019. Kilichobaki ni kioo, na mfukoni nina laki mbili na nusu. Hiyo ndiyo yote, na ndani yake imo nauli ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo hapa hakuna mchezo jamani, ingawa tunaongelea michezo.

Basi bwana, nikazunguka mjini, Barabara ya Nyerere na mitaa ya pembeni. Muuzaji mmoja akaniona navyokodoa macho: "Kaka, chukua hii inchi 27, 4K, hutajuta." Nikacheka. Bei yake sitaji. Ila hata angenipa bure ningefikiria mara mbili.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Kioo cha Full HD kina nukta 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2.07. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, kama milioni 8.29. Mara nne kamili! Na nukta hizo zote ni kadi inayozichora, fremu moja baada ya nyingine. Kadi yangu inaimudu Full HD vizuri. Ukiipa 4K, gemu nzito zitatembea kama daladala ya Nyegezi inayotafuta abiria. Kanuni ya kwanza: nunua kioo ambacho kadi yako ina uwezo wa kukilisha.

Ya pili ni Hz. Kioo cha Hz 60 kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16.7. Cha Hz 144 ni milisekunde 6.9. Wanaocheza gemu za kufyatuana risasi mtandaoni tofauti hiyo wanaiona, siwabishii. Lakini geto letu la Malimbe tunacheza nini? PES 2017, ambayo kwenye kompyuta inaishia fremu 60 kwa sekunde. Hizo zilizobaki zingekuwa mapambo.

Ya tatu ndiyo iliyoniamulia: paneli. Fikirieni chumba chetu. Wawili wanacheza, wawili wako kitandani wanasubiri zamu, mmoja yuko chini kwenye mkeka anapiga kelele kama mtangazaji. Paneli ya TN ukiitazama kwa pembeni rangi zinapauka, ukiitazama kwa chini picha inakuwa giza. Ile TV ya kichogo ya utotoni uliitazama hata ukiwa umelala sakafuni, rangi zikabaki zilezile. IPS inakurudishia raha hiyo. Na kioo hichohicho ndicho tutakachokizunguka wanne tukiandaa masomo ya TP. Geto halina kioo cha mtu mmoja.

Kwetu huku ziwani kuna na mambo mengine. Mchana mwanga unaingia dirishani umeakisiwa na maji, kioo kinachong'aa kinageuka cha kujitazamia sura. Chukua chenye uso usiong'aa. Usiku vile vijidudu vya ziwani vikija kama moshi, vinafuata mwanga, hivyo meza iwe mbali na dirisha. Halafu mkumbuke chuo kikifungwa mzigo unahama na bodaboda. Inchi 27 kwenye bodaboda? Haya.

Mwisho nikabaki na mbili, zote mtumba: inchi 24 TN ya Hz 144 kwa laki mbili na arobaini, na inchi 24 IPS ya Hz 60 kwa laki na sabini. Nimebeba IPS. Mshkaji wangu akaniambia, "Mwanangu, kompyuta ya gemu na Hz 60? Aibu hiyo!" Nikamjibu njoo ukae kwenye mkeka kwanza, ndio uongee.

Ukienda kununua mtumba, fanya hivi. Beba laptopu na waya wako wa HDMI. Fungua picha nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja moja. Nukta iliyokufa itajionyesha yenyewe. Kwenye nyeusi angalia kingo kama mwanga unavuja. Iache iwake nusu saa mkipiga stori, maana nyingine huanza kuchezacheza zikipata joto. Na usikubali yenye VGA peke yake: kadi za kisasa hazina tundu hilo, utaishia kununua kigeuzi.

Elfu themanini imebaki. Nimeikunja, nimeiweka ndani ya daftari la Mbinu za Kufundisha, hapo hata mimi siigusi mpaka TP. Jumamosi saa nane mechi zinaanza, mshindi anabaki, aliyefungwa anakwenda kwenye mkeka. Safari hii ataona vizuri tu.