Dakika Saba

Ndugu msomaji huenda akashangaa kuona kwamba, katika kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa letu, mimi nimechagua kusema habari za bendi ya roki ya Marekani. Namwomba avumilie kidogo, kwani habari yenyewe inaanzia hapa hapa nyumbani, tena katika kosa nililolitenda mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa afisa utamaduni msaidizi katika wilaya moja ya kusini. Mgeni mashuhuri alikuwa anakuja kufungua jengo, na katika ratiba ya sherehe ngoma ya sindimba ilitengewa dakika saba. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya wachezaji, saa mkononi, na kuwaashiria muda ukiisha. Wapigaji walifika alfajiri, wakakoka moto wa majani makavu, wakazikausha ngoma zao mpaka ngozi zikakaza. Mgeni alichelewa, ngozi zikalegea, wakakoka moto tena, na tena. Hatimaye walipoanza, ngoma ndogo zilikuwa bado zinaitafuta ile kubwa, na ile kubwa inazisubiri, nami nikainua mkono. Mzee aliyepiga ngoma kuu alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Baadaye aliniambia kwa upole, "Mwanangu, umetukatiza kabla hatujafika." Nikamwuliza, kufika wapi? Akacheka tu. Nilimdhania mzee asiyeelewa taratibu za shughuli za Serikali, nikaenda zangu kula pilau.

Miaka 13 ikapita. Mwaka 2009 mpwa wangu, aliyekuwa masomoni ng'ambo, aliniletea muziki wa bendi iitwayo Grateful Dead. Mimi nimelelewa na muziki wa dansi, na nilizoea gitaa linalojua linakokwenda. Baada ya kusikiliza kitambo nikamwambia, "Hawa bado wanajaribu vyombo." Akanijibu, "La, Mjomba, hapo wamekwisha kuanza zamani." Nilicheka, lakini neno lile lilinirudisha kwa yule mzee, na tangu siku hiyo nikawa mfuatiliaji wa bendi hiyo.

Bendi hiyo ilianzishwa California mwaka 1965. Mpigaji gitaa wake mkuu alikuwa Jerry Garcia. Bob Weir alipiga gitaa la pili, Phil Lesh besi, Ron McKernan kinanda, na Bill Kreutzmann dramu. Mwaka 1967 akaongezeka mpiga dramu wa pili, Mickey Hart. Kwa muda wa miaka 30 walifanya maonyesho zaidi ya 2,300, na riziki yao kubwa ilitoka huko jukwaani, maana santuri zao hazikuwa na bahati kubwa sokoni. Katika miaka yote hiyo ni wimbo mmoja tu uliopanda hadi kumi bora za Marekani, nao ulikuwa wa mwaka 1987, wakati Garcia ana mvi kichwani.

Siri yao ilikuwa kubuni papo hapo. Hawakuwa na orodha ya nyimbo iliyopangwa. Wimbo mmoja uliweza kuzaa mwingine bila muziki kukatika, na kila usiku njia ilikuwa mpya. Wimbo wao "Dark Star" ulipotolewa katika santuri mwaka 1968 haukufika hata dakika tatu. Mwaka uliofuata walitoa albamu iliyorekodiwa mbele ya hadhara, na humo wimbo huo huo ulichukua dakika 23. Mtu asidhani kwamba dakika hizo nyingine ni za kujaza nafasi. Besi ya Lesh haikukaa chini ikishika mapigo tu. Ilipanda, ikaliuliza gitaa la Garcia, nalo likajibu, na Weir akatia neno katikati. Sisi watunzi wa mashairi tunalifahamu jambo hili. Malenga wawili wanapojibizana hadharani, bahari wanaijua, mizani na vina wanavijua. Neno litakalofuata ndilo wasilolijua, na hadhira imekesha kwa ajili ya neno hilo.

Ndiyo maana wapenzi wao waliwafuata mji hata mji, kwa kuwa onyesho la kesho halingekuwa la leo. Wengi walikuja na vinasa sauti, na wenye bendi, badala ya kuwafukuza, mwaka 1984 waliwatengea sehemu yao maalumu katika kumbi. Sharti lilikuwa moja: kanda zibadilishwe bure, zisiuzwe. Hivyo maonyesho mengi mno yamehifadhiwa yakiwa mazima, pamoja na kukohoa kwake na makosa yake. Onyesho moja, la tarehe 8 Mei, 1977, katika Chuo Kikuu cha Cornell, lilitangazwa mwaka 2012 kuingizwa katika rejesta ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Niliposoma habari hiyo nilizikumbuka kanda nilizorekodi mimi katika utumishi wangu. Zipo, lakini kila moja ni kipande.

Sitaki kuwapamba watu hawa kupita kiasi. Usiku mwingine walitangatanga wasifike popote, kwani anayebuni hana dhamana. Aidha, dawa za kulevya zilikuwa sehemu ya maisha yao tangu mwanzo, nazo ziliwala. McKernan aliangamizwa na pombe, akafariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 27. Garcia alifariki mwezi Agosti 1995 katika nyumba ya kutibia waraibu, mwezi mmoja baada ya onyesho la mwisho la bendi mjini Chicago. Alikuwa na miaka 53, umri ambao mimi nimekwisha kuupita. Vijana wanaosoma kitabu hiki wasichanganye muziki na sumu iliyouandama.

Walipata warithi. Bendi ya Phish, iliyoanzishwa Vermont mwaka 1983, ilipiga usiku 13 katika ukumbi mmoja wa New York mwaka 2017 bila kurudia wimbo hata mmoja. Lakini moyo wangu umebaki Misri.

Tarehe 14, 15 na 16 Septemba, 1978, Grateful Dead walipiga muziki Giza, chini ya piramidi. Mambo yaliwaendea kombo. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga dramu kwa mkono mmoja. Piano ilikuwa imepotoka sauti. Waliporudi kwao wakauona muziki ule haufai kutolewa, wakaufungia hadi mwaka 2008. Huo ndio muziki alioniletea mpwa wangu.

Pamoja nao alikuwapo Hamza El Din, Mnubi, bingwa wa udi na tari, ambaye kijiji chake cha Toshka kilimezwa na maji ya Bwawa la Aswan. Usiku wa mwisho, mwezi ukiwa umepatwa, Hamza na waimbaji wa Kinubi walianza wimbo wao kwa sauti na makofi tu. Wamarekani wakaingia mmoja mmoja, wakisikiliza kwanza. Gitaa linagusa kidogo, linanyamaza, linagusa tena. Hakuna aliyemharakisha mwenzake, wala hakuna aliyesimama kando na saa. Makofi yakaendelea, mpaka polepole, bila mtu kuweza kusema ni wapi hasa, wimbo wa Toshka ukawa wimbo wa California. Niliposikia mahali hapo nilifahamu ni wapi yule mzee alikokuwa anakwenda.

Mwaka ule ule nikaomba likizo, nikanunua kaseti za kutosha usiku mzima, nikaenda. Mzee alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kikundi kilikuwa hai, kinaongozwa na mjukuu wake, kijana hodari mwenye mikono myepesi. Nilimweleza kwamba nimekuja kama mgeni wake binafsi, hakuna sherehe wala ratiba, wapige watakavyo mpaka wachoke wenyewe. Akafurahi sana. Wakakoka moto, wakakausha ngozi, wakaanza jua lilipotua. Walipiga vizuri, bila kosa. Kisha kijana akainua mkono, ngoma zote zikanyamaza kwa pamoja, wakanyoosha safu wakainama kuniaga.

Nikamwambia, "Endeleeni, baba, kaseti bado ipo."

Akanitazama kwa mshangao. "Mzee wangu, hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Imekwisha."

Nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika saba.