Kupanda Moshi Kutafuta Shule

Hadi Novemba 2024 sikuwa nimewahi kuvuka Segera. Kwetu ni Rufiji, na safari zangu zote za maana zilielekea kusini au ziliishia Kariakoo. Lakini binti yangu Zuhura alikuwa ametoka kufanya upimaji wa darasa la nne, baba yake yuko mbali, na mimi ni muuguzi wa zamu. Usiku nikiwa wodini, mtoto analala kwa jirani. Kaka yangu Hamisi akasema, "Dada, mpeleke Moshi, shule ziko kule," kwa uhakika mkubwa wa mtu ambaye naye Moshi hajafika. Nikamwambia basi twende wote tukazione.

Ilibidi nisubiri darasa la nne limalizike. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo mzazi anayewaza bweni siku hizi anaanzia la tano. Wenye shule walilalamika sana. Mimi naona Wizara ilichelewa, maana nimewahi kumpokea wodini mtoto wa miaka sita aliyeletwa na matroni wa bweni, ana homa kali, na hakuna hata mmoja kati yao wawili aliyejua mama wa mtoto anapatikana kwa namba gani.

Tuliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla jua halijachomoza. Kibaha, Chalinze, daraja jipya la Wami, kisha kijani kisichokwisha hadi Segera, na baada ya hapo kila kitu kwangu kilikuwa kigeni: mashamba ya mkonge ya Korogwe yaliyopangwa kwa mistari, milima ya Usambara inayokusindikiza mkono wa kulia, na joto la Mombo ambalo halikutofautiana na la kwetu. Kaka alilala kuanzia Kibaha. Mimi nilibahatika kukaa na mzee mmoja wa Kilema, mwalimu mstaafu. Nilipomwamkia na kumwambia ninakwenda kutafuta shule, alikunja gazeti lake akaliweka mfukoni. Sikuliona tena.

Akaanza na historia. Shule za misheni zilipochukuliwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, shule ya msingi ya Mtanzania ikawa ya Kiswahili na ya serikali. Mwenye uwezo aliyetaka Kiingereza alimpakia mtoto basi kwenda Kenya au Uganda. "Januari ungewaona stendi ya Moshi," alisema, "abiria wadogo kuliko masanduku yao." Sera ya elimu ya 1995 ndiyo iliyofungua mlango, na shule za mchepuo wa Kiingereza zikaota kila kona ya mkoa. Kwa hiyo, kwa maneno yake, wengi wa wenye shule wa leo walianza biashara hii wakiwa wazazi waliochoka kulipa ada ng'ambo ya mpaka.

Baada ya Same, mtandao uliporudi, aliniuliza shule ninazozifikiria. Nilikuwa nazo tatu kwenye karatasi, zote nimezipata kwa watu wa kazini. Nikamwambia ya kwanza ina wastani wa juu ajabu. Mtihani wa darasa la saba una masomo 6 ya alama 50 kila moja, jumla 300, na shule ile watoto wake ni kama hawakukosea kitu.

"Usianze na wastani, mwanangu. Anza na vichwa."

Akanionyesha. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani unafungua matokeo ya darasa la saba ya 2024, unakwenda mkoa, halmashauri, shule, unaangalia watahiniwa walikuwa wangapi. Kisha unarudi nyuma hadi upimaji wa darasa la nne wa 2021, shule ileile, kwa kuwa ni kundi lilelile. Shule yangu ya kwanza darasa la nne walikuwa zaidi ya sitini. Darasa la saba walikuwa arobaini na kitu.

"Hawa wengine wako wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewaficha.

Wapo waliohama na wazazi wao, akasema, na wapo walioshindwa ada. Lakini shule ikipoteza theluthi ya darasa huku ikiwa na bweni, mahali ambapo kwa kawaida watoto huongezeka kuanzia la tano, uliza kuhusu mchujo. Mtoto wa darasa la sita asiyefikisha alama walizoweka, mzazi anaitwa ofisini. Anaambiwa amkaririshe au amhamishe, na kuna waliohamishwa kwenye makaratasi tu ili wakafanyie mtihani kituo kingine. Serikali imelikemea jambo hili mara nyingi. Wastani unaoning'inizwa getini ni wa waliobaki.

Tangu Mwanga hadi Himo nilikuwa nafungua shule moja baada ya nyingine. Ya tatu kwenye orodha yangu, ambayo niliiandika kwa sababu tu ada yake ilikuwa nafuu, ilikuwa na watoto thelathini na wanne darasa la nne na thelathini na sita darasa la saba. Wastani wake ulikuwa mzuri, haukuwa wa kutisha. Ya pili mzee alinifutia kwa kalamu yake mwenyewe. Alisema jina la mmiliki, akatikisa kichwa, akashuka Himo.

Mabango ya shule yalikuwa yameanza. Matokeo yalitoka mwishoni mwa Oktoba, na kwa kuwa tangu 2023 Baraza limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kila shule inajitangaza yenyewe: sura za watoto zilizokuzwa mpaka pua zinakuwa sahani, na namba moja kila mahali. Namba moja kata. Namba moja kanda. Nyingine waliandika namba moja bila kusema ya nini.

Shule ya kwanza ilitupokea vizuri mno. Meneja alitupa soda, akatupa fomu za kujiunga, akaanza kutuonyesha kompyuta. Nilipoomba kuona bweni alisita kidogo, kisha akamwita matroni. Mabweni yalikuwa masafi, vitanda vya dabo deka vimebanana kiasi kwamba mtu mzima anapita ubavuubavu. Madirisha yote yalikuwa na nondo zilizochomelewa, na mlango ulikuwa mmoja. Nikamuuliza matroni usiku mlango unafungwa vipi. Akanionyesha kufuli, upande wa nje.

"Na ufunguo?"

"Ninakuwa nao mimi."

"Unalala humu?"

Alinyoosha kidole kwenye nyumba ya walimu, ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Miezi miwili tu kabla ya hapo, Septemba 2024, bweni la shule ya Endarasha kule Nyeri, Kenya, liliungua likaua wavulana 21. Sisi wenyewe tulikuwa na Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Nilimtajia meneja Endarasha. Akasema nondo ni kwa ajili ya wezi. Sikubishana naye, lakini kaka, ambaye hadi hapo alikuwa upande wa soda, aliniangalia.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza yote. Usajili wa shule ni jambo moja na kibali cha bweni ni jingine, nikaomba kuona vyote viwili. Usajili ulikuwa ukutani ndani ya fremu, kibali "kilikuwa wilayani". Likizo watoto wa Dar wanasafirije? Kwa basi la kukodi, linaondoka jioni. Nani anaambatana nao? Mwalimu mmoja. Tangu Mei 2017, ile asubuhi ya Rhotia, Karatu, basi la shule liliposhuka korongoni na wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva wakafa, mimi swali la gari siliachi. Nilishawahi kukesha mapokezi usiku wa ajali. Basi la watoto lisafiri mchana.

Tukiwa tunatoka, mtoto mmoja alipita amening'inizwa kibao shingoni. Kaka akamuuliza ni cha nini. Alinong'ona kwa Kiswahili, huku akitazama nyuma, kwamba ni kwa sababu ya kusema Kiswahili.

Tulilala Marangu kwa mama wa muuguzi mwenzangu, akatupikia kiburu, na usiku nikaelewa kwa nini fomu zote zinadai mablanketi mawili. Asubuhi kaka alikaa kibarazani na simu akijumlisha. Watu tunaulizana ada, tunaambiwa milioni mbili na kitu, tunasema tunaweza. Lakini fomu ile ya shule ya kwanza ilikuwa na tranka, godoro la futi mbili na nusu, chandarua, sare za darasani, za michezo na za kushindia, zote zinunuliwe duka la shule. Rimu za karatasi, fagio la chelewa, ndoo, vitabu, masomo ya ziada, matibabu, fedha ya tahadhari, mchango wa mahafali ya watu wengine, na usafiri wa likizo. Ilikaribia nusu ya ada tena, na mwakani kuna yanayojirudia. Kaka aliliona fagio akacheka: "Milioni zote hizi na fagio tulete?"

Shule ya tatu iko juu, migombani, unafika kwa bodaboda na miguu kidogo kando ya mfongo unaoteremsha maji kwenye vihamba. Haina bango. Inaongozwa na sista mfupi, mkali, ambaye hakutupa soda. Nilimuuliza swali la mzee wa Kilema: kundi la darasa la saba lililotoka juzi, nani aliondoka njiani?

Sista akafungua kabati, akatoa rejista, akaiweka mezani akaifungua tangu 2021. Alipita majina kwa kidole. Huyu baba alihamishiwa Mbeya. Huyu mama alifariki, bibi akamchukua. Hawa wawili ada iliwashinda, "tukawapunguzia, bado". Huyu tulimfukuza. Kwa nini? Akaniambia, na lilikuwa kosa ambalo mimi pia ningemfukuza. Kisha wale walioingia, mmoja mmoja. Aliwajua wote.

Nikaomba daftari la adhabu. Kanuni za 2002 zinaweka viboko visizidi vinne na kila adhabu iandikwe, na shule nyingi hazikumbuki hata daftari liko wapi. Lake lilikuwepo, likiwa na kurasa chache zilizoandikwa. Sikupenda kwamba zipo, ila nilipenda kwamba zimeandikwa.

Kuhusu walimu alisema jambo ambalo sikulitegemea. Kila serikali inapotangaza ajira, alisema, shule binafsi hulia, kwa kuwa mwalimu mzuri anaondoka katikati ya muhula na huna la kumfanya. Kinachowabakiza wachache ni mshahara usiochelewa na michango ya NSSF inayolipwa kweli. "Ukifika shule yoyote, muulize mwalimu, usimuulize mkuu: wewe uko hapa mwaka wa ngapi?" Nikatoka nje nikamuuliza wa kwanza niliyekutana naye. Mwaka wa saba.

"Sista, mwanangu ni Mwislamu."

"Tunao. Ijumaa ustadhi anapanda kutoka Himo. Nyama anachinja Mwislamu. Jumapili wakati wa misa wanakaa maktaba na mwalimu. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga wanaamshwa daku, lakini wewe mzazi uniandikie barua, sitaki maneno baadaye."

Dirisha moja la kila bweni lilikuwa na nondo zinazofunguka kwa ndani, na matroni ana chumba chake mlemle. Choo kilikuwa mbali kuliko ningependa. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye vitabu vilivyochakaa, na kuchakaa kwenyewe kulinipa moyo.

Kikabaki Kiingereza. Zuhura alikuwa akisoma shule ya serikali, Kayumba kama tunavyoziita, isiyo na ada, na Kiingereza chake kilikuwa cha somo moja. Shule ya kwanza ilishasema arudie darasa la nne bila hata kumwona. Sista akasema kuna usaili wa Hisabati na Kiingereza, na kwamba Hisabati ndiyo anayoiangalia zaidi. Zuhura akiiweza ataingia la tano, na jioni atakaa na mwalimu wa lugha muhula mzima. "Atalia mpaka Machi," alisema. "Baadaye watakuomba umwambie anyamaze." Wakati wa mapumziko watoto wake walikuwa wakipiga kelele kwa Kiswahili uwanja mzima.

Akanikumbusha jambo jingine. Kundi la Zuhura litamaliza darasa la saba 2027, na watoto wanaomfuata, walioanza mtaala mpya Januari 2024 wakiwa darasa la tatu, wataishia la sita mwaka huohuo. Kwa hiyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili kwa pamoja. "Anza kufikiria sekondari sasa," alisema, na mimi nilikuwa sijamaliza kufikiria msingi.

Nililipia fomu ya usaili, nikadai risiti, akaiandika kwa mkono. Akakataa kupokea hata shilingi ya ada. "Mlete kwanza mtoto aone. Wewe huji kulala hapa."

Nikiwa palepale migombani nilimpigia Zuhura. Alisikiliza yote, baridi, mfongo, usaili, kisha akauliza kama kuna televisheni. Nikamwambia Jumamosi tu.

"Nitakuja kuangalia," akasema. "Lakini mama, usimwambie huyo sista kwamba nimekubali."