Injini Ngapi Zatosha?

Katika ofisi nyingi, barua zikichelewa watu hulilia makarani zaidi, kumbe barua zenyewe zimelala mezani. Mimi ni karani, na nikitazama hesabu ya reli za mizigo naona jambo lilo hilo.

Natutwae mfano. Tuseme bandarini hutoka shehena ya tani 6,000 kila siku, na injini moja huvuta tani 1,200. Hizo ni treni 5. Je, injini 5 zatosha? Hasha! Ikiwa injini huchukua siku 4 kwenda, kungojea mabehewa na kurudi, zahitajika 20, tena ziongezwe 3 au 4 kwa ajili ya zile zilizomo karakanani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mizigo ilijazana Mombasa. Reli ya Afrika Mashariki ikaagiza injini 34 za Garratt kutoka Manchester, zikaundwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja iliweza kupandisha tani 1,200 kuelekea Nairobi. Nguvu hiyo ilikuwa faida kubwa, lakini nguvu peke yake haimalizi hesabu.

Siku 4 zikipunguzwa kuwa 3, injini 15 zatosha: 5 zimepatikana bila kununuliwa. Injini isimamayo bure, mkulima huilipia katika nauli ya gunia lake. Injini ikikosekana, gunia huozea stesheni. Basi kabla ya kuagiza, na itazamwe saa. Mali bila daftari hupotea bila habari.