Bunduki gani niweke nyumbani?

Mumezoea kunisikia kwa habari za watu wengine. Leo habari ni ya nyumba yangu.

Wezi waliruka ukuta wetu hapa Manika saa nane ya usiku. Walikuwa wanne, mmoja alikuwa na bunduki. Walibeba simu, paneli ya jua na feza ya masomo ya watoto. Hawakupiga mtu. Lakini tangu usiku ule mwanangu wa miaka sita analala na viatu miguuni.

Kesho yake shemeji yangu alifika. Zamani alikuwa askari, na silaha anazijua. Akaketi, akaanza kunihesabia. Bastola, akasema, ni ndogo na inafichika, lakini mkono wa mtu mwenye hofu unatetemeka, na asiyezoea anakosa hata mtu aliye mbele yake. Kalibre 12 ya wawindaji ni ndefu, inagonga mlango ukigeuka, na nyingi zinabeba risasi mbili tu. Kalashi ni silaha ya vita, usiiguse. Basi akanipendekezea karabini fupi, ile inayokula risasi za bastola, milimetre 9. Unaiegemeza begani, kwa hiyo imetulia kuliko bastola. Hairuki sana. “Hata dada ataiweza,” akasema, akimtazama mke wangu. Mke wangu hakujibu.

Wazee wa Kolwezi wanamjua ndugu mkubwa wa silaha hiyo. Wanajeshi wa kikosi cha kigeni cha Ufaransa waliporuka kwa parashuti tarehe 19 Mei 1978, wengi walikuwa na MAT-49, fupi, ya risasi hizohizo za milimetre 9. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa inamwaga risasi mfululizo. Baba yangu alikuwa kijana wa miaka ishirini. Wapiganaji wa Nathaniel Mbumba walikuwa wameingia mjini tarehe 13, na siku zile zote baba alilala chini, godoro limeegemezwa ukutani. Alijua godoro halizuii risasi. Lakini nyumbani hakukuwa na kitu kingine. Anasema hakuweza kujua mlio upi ni wa askari wa Mobutu, upi ni wa Tigres, upi ni wa Wafaransa. Ukiwa chini ya kitanda, yote ni bunduki.

Hata hivyo, nilikaribia kukubali. Niseme ukweli. Mwanaume aliyesimama na nguo ya kulalia mbele ya wezi, mikono juu, watoto wakimtazama, anataka kitu mkononi. Shemeji alijua mtu wa kuiuza, bila karatasi.

Jioni nilitoka uani nikahesabu hatua. Toka mlango wa chumba chetu mpaka geti ni hatua kumi na nne. Karibu na geti kuna chumba cha mbao na mabati. Humo anakaa mama mmoja na watoto wanne. Nyumba yao ilivunjwa, mgodi ulipanuka, na feza waliyopewa haikutosha hata kiwanja. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mkono kuelekea geti, kama mwenye kulenga. Kidole changu kilipita juu ya kitanda chao.

Nilimwambia shemeji. Akasema risasi ya bastola ni dhaifu kuliko ya kalashi. Ni kweli: ya kalashi inatoka na mwendo wa zaidi ya metre 700 kwa sekunde, hii hata ikitoka kwa karabini ni karibu nusu yake. Lakini mbao na bati haviulizi tofauti hiyo. Ningechagua silaha gani ya kupita kando ya watoto wale?

Kuna na karatasi. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035, haimruhusu raia kuweka bunduki nyumbani bila ruhusa. Hata mlinzi wa kampuni unayemwona kwenye geti la mgodi ana fimbo na redio. Mwenye bunduki kando yake ni polisi. Polisi wakija kwangu kuuliza habari za wezi, wangekuta mimi ndiye mwenye silaha ya kificho.

Na tulikuwa na Kalando. Tarehe 15 Novemba 2025, kule Mulondo, daraja lilianguka na wachimbaji, wafu 32 kwa uchache. Ripoti ya SAEMAPE ilisema mlio wa bunduki za askari ndio uliowatia watu hofu, wakakimbilia darajani pamoja. Risasi inaweza kuua na watu ambao haikuwagusa.

Feza ya karabini ikanunua mlango wa chuma na taa mbili za nje. Nyumba kumi za barabara yetu tukagawa filimbi. Wiki iliyopita usiku ilipigwa, na aliyepiga kwanza ni yule mama wa karibu na geti. Tukatoka wote na matochi. Alikuwa mlevi aliyepotea njia, tukamrudisha kwake.

Shemeji bado ananicheka, na siwezi kusema hofu imekwisha. Mtoto bado analala na viatu. Juzi tu nilimkuta amevua kimoja.